Kidole Gumba Upande wa Ndani

Kila asubuhi, kabla hajatia hata maji kinywani, Ilarie alichukua reki akalisawazisha tope la uani kwake. Alianzia mlangoni akirudi kinyumenyume hadi langoni, na alipomaliza, ua mzima ulikuwa laini, hauna alama hata ya kuku. Kisha akaenda msituni kwenye kazi yake ya ulinzi wa miti na wanyama. Jioni aliporudi, alisimama langoni akausoma ua.

"Leo umekwenda kisimani mara mbili," alimwambia mkewe. "Mara ya pili umesimama. Ulisimama na nani?"

"Na ndoo," Safta alijibu.

"Ndoo haimfanyi mtu aegemee mguu mmoja. Wewe ulikuwa unapiga soga."

"Basi na Varvara. Nilikuwa na Varvara uzioni."

"Mlisema nini?"

Varvara ndiye mimi. Nilikuwa nyuma ya uzio huohuo nikisikia kila neno, na tulichokuwa tumezungumza ni chumvi ya kutia kwenye pipa la kabichi. Niseme mapema kwamba sikumpenda Ilarie hata siku moja. Anayetaka kuisikia habari hii kwa mtu asiye na chuki, akamtafute padri.

Kwetu juu huku mwaka una nyakati mbili tu, theluji na tope, na zote mbili Ilarie alizisoma. Watu walitoka vijiji vya mbali kumwita. Kondoo akiuawa, yeye ndiye aliyesema ni mbwa mwitu au ni mbwa wa mtu. Alichuma jani la nyasi akalilaza juu ya alama, kati ya vidole viwili vya mbele na vile vya pembeni. Jani likipita bila kugusa, ni mbwa mwitu. Likigusa, ni mbwa. Alimfanyia hivyo mchungaji Pahomie, akasema ni mbwa, tena mbwa wa Pahomie mwenyewe, yule mweupe aliyemlea kwa maziwa ya chupa. Pahomie akamfunga mbwa wake kwenye mti akamwua kwa shoka. Wiki iliyofuata kondoo wengine watatu wakaliwa, mbwa akiwa kaburini.

"Sasa hawa nani kawala?" Pahomie alimwuliza.

"Hawa kawala mbwa mwitu," alisema Ilarie. "Mimi nasoma kilichoandikwa. Siandiki."

Na watu wakacheka. Kijiji chetu hupenda mtu anayejibu haraka.

Huyo ndiye aliyemwoa Safta, binti wa Zenovia mjane, mwenye bustani ya plamu kando ya mto. Safta alikuwa msichana wa kucheka. Alikuwa na mwanya, na akicheka aliuziba kwa ulimi, basi wanaume wote walimchekesha ili wauone ulimi. Alipoolewa alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alijivuna kanisani mwezi mzima, mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Alipofika miaka ishirini na tano, Safta alitembea akitazama anapokanyaga.

Mara moja tu alikwenda kwa dada yake, upande wa pili wa mlima, bila kuomba ruhusa. Alirudi kesho yake. Ilarie alimsoma njia nzima kwenda na kurudi, kisha akaziweka buti za mkewe sandukuni akatia kufuli. Akamwachia makubazi ya ngozi mbichi, na katika soli ya kushoto akapigilia msumari wa kichwa kipana.

"Wa nini huo?" Safta aliuliza.

"Ili nisipoteze muda," alisema. "Nikiona tundu la msumari, najua ni wewe."

Msumari ulimchoma kisigino hadi akazoea kukanyagia ukingo wa mguu. Alikwenda kwa padri akavua kiatu akamwonyesha. Padri akatazama kisigino, akasema, "Binti, wapo wanaume hawamtazami mke hata usoni. Wako anakutazama mpaka nyayo. Nenda nyumbani." Alinisimulia haya akicheka, na ulimi haukuwa kwenye mwanya. Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo.

Sasa habari ya ngozi. Marehemu mume wangu alikuwa mchezaji wa ngoma ya dubu, ile ya kufunga mwaka, na ngozi ya dubu aliyoivaa ilikuwa darini kwangu, nzima, kichwa na miguu minne yenye kucha. Mimi ndiye niliyewaza. Sitaki mtu mwingine yeyote apewe sifa hiyo, wala lawama yake.

"Utatoka kwa miguu ya Babu Martini," nilimwambia Safta. Dubu kwetu hatajwi kwa jina lake akiwa karibu, huitwa Babu Martini, kama mzee wa heshima.

"Dada Varvara, umelewa?"

"Kidogo. Sikiliza. Wewe huwezi kutoka kwenye ule ua, maana hata ukiruka atakusoma ulipotua. Lakini akikuta Babu kaingia, Babu katoka, na wewe haupo, atafuata nini? Atakaa alie."

"Ilarie alie?" alisema Safta, na hapo alicheka kweli, ulimi ukaonekana.

Tulingoja tope la Machi, wakati dubu wanaamka na njaa. Ilarie alipokwenda msituni nilitandaza majani makavu uani kwangu, nikaweka ubao kutoka kizingiti cha Safta hadi juu ya uzio wangu. Alipita juu yake bila kugusa tope lao. Tukashuka hadi kwenye mawe ya mto. Nilikuwa nimeikata ile miguu ya nyuma ya ngozi, na hapo nikamfunga nayo juu ya makubazi yake, kwa kamba za ngozi, haraka haraka. Safta hakutazama chini hata mara moja. Alikuwa anautazama mlima.

Akapanda hadi kwake kwa hatua nzito, akavunja komeo, akamwaga unga, akachinja kuku akapaka damu mlangoni, akashuka tena mtoni kwa njia nyingine. Alinikumbatia. Akaingia majini akaenda zake.

Ilipofika saa nane nilipiga mayowe. Niseme tu nililia vizuri sana. Watu wakaja na mashoka, wakasimama nje ya lango, maana hakuna aliyethubutu kulikanyaga tope la Ilarie kabla hajaja mwenyewe. Akaja. Hakukimbia. Alitazama mlango, akatazama damu, kisha akachuchumaa kwenye alama moja iliyo safi akaiwekea mkono.

Mguu wa nyuma wa dubu unafanana na wa mtu, kila mtoto wa kwetu anajua, na kila mtoto anajua tofauti yake: kwetu sisi kidole kikubwa kiko ndani, kwa Babu kiko nje. Mguu wake wa kulia ukiutazama haraka ni kama wa mtu wa kushoto. Nami najua hivyo tangu nikiwa mdogo. Lakini pale mtoni, kwa haraka, mikono yangu ilifunga kama inavyofunga viatu vya watu. Kidole kikubwa ndani. Wa kushoto niliufunga kulia, wa kulia kushoto.

Niliona kidole gumba cha mkono wake kikitua palepale, kwenye kile kidole cha ndani. Kikakaa. Nilihisi mkojo unanitoka, nasema kweli. Kisha akainuka, akaikanyaga ile alama kwa kisigino, akaizungusha mpaka ikapotea.

"Dume," alisema. "Miaka minne. Amembeba."

Gligor mhunzi, ambaye alikuwa na mazoea ya kuuliza, akasema, "Mbona miguu ya mbele siioni, kaka Ilarie?"

"Kwa sababu wa nyuma hukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele. Wewe ulifundishwa kusoma na nani, na mkeo?"

Watu wakacheka, na damu ya Safta, kama walivyodhani wao, ilikuwa bado mbichi mlangoni.

Hapo nilielewa. Angesema ukweli, kijiji kizima kingejua kwamba mkewe amemkimbia, tena kwa kumchezea tope lake. Akachagua kumwua kwa mdomo. Kesho yake aliwaongoza wanaume kumi na bunduki, wakamkuta dubu mmoja aliyetoka kulala, mbavu nje, wakampiga risasi wakampasua. Tumboni mlikuwa na mizizi na sisimizi. "Ameshamsaga," alisema Ilarie, na hakuna aliyeuliza tena.

Tulizika jeneza lenye gauni. Wanawake walichemsha ngano ya marehemu, wakaimwagia sukari, wakalia. Zenovia alililalia lile jeneza mpaka akachubuka mashavu. Kwa desturi yetu vitu vya marehemu hutolewa sadaka juu ya jeneza, na anayepokea lazima aitikie. Ilarie alifungua sanduku, akatoa zile buti alizozifungia, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Chukua, jirani. Miguu yenu inalingana."

Alinishikisha buti, na kidole gumba chake akakilaza juu ya pua ya buti ya kulia, upande wa ndani. Akakikandamiza. "Itikia," alisema. "Watu wanangoja."

"Mungu amrehemu," nikasema.

Mwaka mzima ulipita. Safta alikuwa kwa dada yake, anashona mashuka, na muuza sindano aliyepita vijijini aliniletea salamu zake chini kwa chini. Alikuwa mzima. Alikuwa amenenepa, ati. Lakini Zenovia alikuwa anaisha kwa majonzi. Mimi ndiye niliyemlisha, kijiko cha ugali na maziwa asubuhi, kijiko jioni, na siku moja, alipokataa kufungua mdomo, nikashindwa. Nikamwambia sikioni.

"Yuko hai, mama. Ni mimi niliyemtoa."

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima umenitazama nikilia." Kisha akasema, "Mlete."

Nikamtuma muuza sindano: mama anaisha, njoo kama ulivyoondoka, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilimaanisha apitie mtoni. Yeye alielewa avae miguu ya Babu. Akavaa, akafunga kama nilivyomfunga mimi, akaja, akakaa na mama yake muda wote wa misa, akamchana nywele. Akamwahidi Jumapili ijayo atarudi. Zenovia alinisimulia haya jioni, na alikula bakuli zima.

Jumatatu mtu aliziona alama bustanini. Kufikia saa sita kijiji chote kilikuwa pale, na Ilarie amechuchumaa. Sikuhitaji kutazama. Nilijua kidole chake kiko wapi.

"Ni yuleyule," alisema. "Amemla binti, sasa anamnusa mama."

"Si tulimwua?" akasema Gligor.

"Tulimwua mwingine. Tengeneza mtego, Gligor. Wa meno." Kisha akanigeukia. "Jirani, wewe unaingia humu kila siku. Hujamwona?"

"Sijamwona, shemeji."

"Haya. Macho yako mabovu siku hizi."

Jumamosi alasiri waliufukia mtego kwenye njia itokayo mtoni, chini ya plamu ya pili. Chuma chake kilikuwa kizito, watu wawili waliubeba. Wanaume wakaondoka, akabaki Ilarie na reki yake. Aliisawazisha ardhi hatua tano kila upande wa mtego, polepole, kwa unadhifu wa mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Zenovia na bakuli mkononi.

"Asikaribie mtu," alisema, na hapakuwa na mtu mwingine pale ila mimi. "Nikikuta unyayo hapa, nitajua ni wa nani."

Kufika kwa dada yake Safta ni mwendo wa siku nzima, na wiki ile yote muuza sindano hakupita; ningekwenda mwenyewe, Ilarie angenisoma njia nzima. Jumapili kulipopambazuka nilikwenda. Nilisimama ukingoni mwa lile tope laini. Lilikuwa linang'aa. Mtego ulikuwa hatua tano mbele yangu, na kuufyatua kulihitaji fimbo tu. Ningeweza hata kutupa gogo nikiwa nilipo. Lakini gogo lililonaswa kwenye mtego lingekuwa na mtu aliyelitupa, na katika bustani ile aingiaye kila siku ni mimi. Ningeweza kumngoja Safta mtoni nimrudishe. Lakini kanisani Ilarie husimama mahali anapoona upande wote wa wanawake, na pengo langu angeliona kabla padri hajafungua kitabu.

Nitaelezaje? Kijiji kilikuwa kimelia juu ya jeneza tupu na kumpasua dubu asiye na kosa. Wangeyajua haya, nyumba yangu wangeichoma, na padri angeshika kiberiti. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni mfupi zaidi: niliogopa unyayo wangu mwenyewe. Nilitazama viatu vyangu, nikatazama tope, nikajisemea labda leo hatakuja. Kengele ikapiga. Nikaenda kanisani.

Tulikuwa tumepiga magoti kilio kiliposikika. Kwanza watu walidhani ni mnyama, na padri mwenyewe aliacha kusoma akasema kwa furaha, "Babu Martini amenaswa!" Wanaume wakatoka mbio. Ilarie alijipanguza magoti, akainama msalabani, akatoka akitembea.

Safta alikuwa amekaa kwenye tope chini ya plamu, meno ya mtego yamepita kwenye manyoya, kwenye ngozi mbichi, kwenye mfupa. Mguu wa kushoto, ule wa msumari. Watu walisimama kumzunguka, wengine wakijifanyia ishara ya msalaba, maana walikuwa wamemzika. Hakuna aliyemgusa. Ilarie alifika, na hakwenda kwenye mtego. Alianza mbali, mtoni, akaja akiinamia alama moja moja, na alisoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Mwanamke. Ana haraka. Kidole gumba upande wa ndani. Hapa ameteleza. Anakwenda kwa mama yake."

"Fungua, Ilarie," Safta alisema. "Fungua, nakuomba."

"Subiri nimalize."

Nilidhani sasa watu watamrukia. Wamesikia wenyewe. Lakini Irina, mke wa Gligor, ndiye aliyesogea, na alimtemea mate Safta. "Nilikuchemshia ngano!" alipiga kelele. "Nilikulilia mpaka homa ikanishika! Umetufanya wajinga, wewe!" Na mwingine akasema dubu wa watu aliuawa bure. Na mwingine, aibu iliyoje kwa mumewe. Ndivyo walivyo watu wangu. Safta aliwatazama mmoja mmoja, akanifikia mimi. Alinitazama, akahamisha macho. Hakunitaja siku ile, hakunitaja mbele ya padri, hakunitaja kamwe.

Zenovia alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Hakuishi hadi Jumapili nyingine.

Mguu waliukata mjini, juu kidogo ya kifundo. Ilarie mwenyewe alimleta nyumbani kwa mkokoteni, akambeba mikononi toka langoni hadi ndani, na wanawake wakasema mwanamume wa kusamehe namna ile hayupo tena. Siku hizi hasawazishi ua. Reki imetundikwa ukutani inashika kutu. Kiatu kimoja na tundu la gongo, kiatu kimoja na tundu la gongo, hata mgeni anayepita anajua ni nani na amekwenda wapi.

Safta alipoweza kutoka kwa mara ya kwanza, alikuja mpaka uzioni. Nilikuwa natia chumvi kabichi. Mikono yangu ilikuwa ndani ya pipa.

"Dada Varvara," alisema, "zile buti zangu za sadaka, bado unazo?"

"Ninazo. Sijazivaa hata mara moja, mdogo wangu. Naapa."

"Basi nipe ya kulia. Baridi inaanza."

Nikapanda darini nikamletea. Ya kushoto ingali huko, pamoja na ngozi.